Nairobi hadi Dodoma: mgeni mwenye Kiswahili chake

Dada zangu wawili walinisindikiza hadi kwenye basi, gizani, katikati ya Nairobi, wakanipa maandazi ya njiani na maneno yaleyale niliyokuwa nimeambiwa na kila mtu: wewe huna shida, kule wanaongea Kiswahili. Nami niliamini hivyo. Nilikuwa nawaonea huruma wenzangu waliokwenda Ujerumani, wanaolipia masomo ya lugha kabla hata ya kununua tiketi. Mimi nilikuwa na barua ya kazi ya ualimu wa hesabu kutoka shule moja ya binafsi Dodoma, vyeti vyangu kwenye bahasha ya kaki, na Kiswahili. Ilikuwa mapema Julai 2024.

Namanga tulifika jua likiwa bado changa. Siku hizi mpaka huo ni kituo cha pamoja: ukiingia Tanzania unavuka hadi upande wa pili, halafu ndani ya jengo moja unagongewa muhuri wa kutoka Kenya kwenye dirisha hili na wa kuingia Tanzania kwenye dirisha la jirani. Kadi ya njano ya chanjo wanaiangalia kweli. Kijana aliyekuwa mbele yangu hakuwa nayo, akatolewa kwenye foleni, na basi letu likamsubiri huku abiria wakinung'unika. Kachanjwe mapema, siku kumi kabla ya safari, maana chanjo ya homa ya manjano huhesabika baada ya siku hizo.

Afisa aliniuliza ninakwenda kufanya nini. Nikamwambia ukweli, kwamba nimepata kazi na nakuja kufuatilia kibali. Akanitazama kidogo, akagonga miezi mitatu. "Huu ni wa kutembea tu, dada. Kibali kikitoka ndipo uanze kazi." Niliitikia huku nikikusanya mizigo. Maneno yake niliyakumbuka wiki mbili baadaye.

Nililala Arusha. Asubuhi, karibu na stendi, niliketi kwenye benchi la mama mmoja anayepika supu na chapati, nikasema, "Nipe chai na chapati mbili." Mama akaacha kugeuza chapati.

"Umegombana na nani asubuhi yote hii?"

Nilidhani anamwambia mwingine. Mzee aliyekaa pembeni yangu akanisaidia bila kuinua uso kwenye bakuli lake: "Sema naomba, mwanangu. Hapa hata mwenye hela anaomba." Nikaomba. Chai ikaja, na kipande cha tatu cha chapati juu yake, nadhani kwa sababu ya uso niliokuwa nao.

Kutoka Arusha hadi Dodoma ni siku nzima ya basi, zaidi ya kilomita 400, na ni barabara nzuri. Kipande cha Babati hadi Dodoma, kilomita 251, kilifunguliwa rasmi 2018. Kabla ya hapo watu wengi walizungukia Singida au Morogoro ili kulikwepa vumbi na tope lake. Makuyuni, Minjingu, Babati na ziwa lake chini ya mlima, halafu milima ya Bereko ambako basi hupanda kwa kuguna. Kolo tulipita bila kusimama. Kule juu kwenye miamba ndiko iliko michoro ya kale ya Kondoa, urithi wa dunia tangu 2006, na basi zima hakuna abiria aliyegeuza shingo. Baada ya Kondoa nchi inajilaza, inakauka, na mibuyu inaanza kujitokeza mmojammoja. Kufika Mayamaya nilikuwa nimefunga dirisha na kujifunika leso. Nilikuwa nimefungasha nguo za joto la jangwa. Julai ya Dodoma ni upepo, mchana na usiku, na usiku una baridi ya mfupa. Anayekuja miezi hiyo alete sweta na mafuta mazito ya kupaka, maana midomo hupasuka ndani ya siku mbili.

Nyumba niliipata mtaa wa Ilazo kupitia dalali. Hapa ndipo bajeti yangu ilipovunjika. Nairobi nimezoea kulipa kodi mwezi kwa mwezi, pamoja na amana ya mwezi mmoja. Huku mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Vyumba viwili kwa laki moja na nusu vilinionekea nafuu sana (shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu 20 za huku), mpaka nilipopiga hesabu: laki tisa za miezi sita, na dalali naye kodi ya mwezi mmoja mkononi. Milioni moja na elfu hamsini kabla sijanunua hata ndoo. Na dalali anataka nauli na chochote kwa kukuzungusha, hata nyumba ukiikataa. Kwa hiyo usije na pesa ya mwezi mmoja ukidhani mshahara utakukuta njiani. Kama huna ya miezi sita, omba mitatu. Nilikuja kujua baadaye kwamba wengi hukubali ukiomba kwa adabu. Mimi sikuomba, nilidhani bei imetajwa basi.

Jioni ya kwanza nilimuuliza mama mwenye nyumba mfereji uko wapi nikachote maji. Akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha mtaro wa maji machafu wenye maganda ya vitunguu na povu la sabuni. "Ndio huu. Unataka kumwaga nini?" Nikamwonyesha ndoo yangu tupu. Alinitazama, akaitazama ndoo, halafu akacheka mpaka akashika ukuta. Kwetu mfereji ndio unaotoa maji ya kunywa. Huku hilo ni bomba. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unajua kuna Mkenya anayetaka kuchota mtaroni.

Na maji yenyewe ya bomba! Mji huu hunywa kwa sehemu kubwa maji ya visima vya Mzakwe, na yana chumvi. Sabuni ya mche unaisugua mpaka mkono unachoka na povu halitoki, unabaki na ute wa kijivu kwenye beseni. Birika langu jipya baada ya mwezi mmoja lilikuwa na ukoko mweupe kama chokaa. Chai ya majani niliyokuja nayo kutoka Kericho, ambayo nilikuwa nimeibeba kama dhahabu, ilipikwa ikatoka na ladha ya machozi. Wenyeji hununua maji ya dumu ya kunywa na kupikia chai, na hukinga ya mvua yanapopatikana. Mvua zenyewe ni za Desemba hadi Aprili tu. Ukoko wa birika unatoka kwa kuchemsha maji yenye ndimu. Hilo alinifundisha mama mwenye nyumba, baada ya kumaliza kucheka.

Ndiye pia aliyenipeleka kwa mjumbe, yaani kiongozi wa nyumba chache za mtaa. Mgeni akihamia mtaa hujitambulisha kwa mjumbe, kisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na usidhani ni mila tu: barua ya mtaa utaulizwa benki na kwingine kwingi. Tulimkuta mzee anafungua redio yake kwa bisibisi. "Habari yako, mzee?" nikasema, kwa uchangamfu wote wa Nairobi. "Nzuri," akajibu, akaendelea na redio. Tukasimama. Nikaona hanikaribishi, nikaanza kujieleza, jina, kazi, nilikotoka, naye anafungua skrubu nyingine. Mama mwenye nyumba akanigusa kiwiko. "Mwamkie."

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu sana. Mletee mgeni kiti." Bisibisi ikawekwa chini. Barua nilitoka nayo siku hiyohiyo, pamoja na salamu ya Kigogo niliyolazimishwa kuirudia mara tatu kabla ya kuondoka: mbukwenyi.

Laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole. Raia hutumia namba ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, sisi wageni pasipoti, kwa hiyo usimtume kijana wa mtaani akusajilie kwa jina lake, hata kama ni haraka namna gani. Siku laini ikipotea, pesa zako ziko kwa jina la mtu mwingine. M-Pesa ipo pande zote mbili, lakini hizo ni nyumba mbili tofauti. Pesa za kutuma nyumbani zinavuka kwa simu, ila soma makato kwanza. Ukishapata kibali cha ukaazi, NIDA wana kitambulisho cha mgeni mkaazi, nacho kinapunguza maelezo mengi.

Sasa kibali. Watu huniuliza hili kuliko yote. Ni vitu viwili, siyo kimoja: kibali cha kazi, ambacho anakiomba mwajiri na hutolewa na Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi, kinachotolewa na Uhamiaji, mwajiriwa anaingia daraja B. Maombi yanapita mtandaoni. Kuwa mtu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kunakurahisishia kuingia, hakukupi ruhusa ya kufanya kazi. Shahada yangu ya Kenya ilibidi itambuliwe na TCU, tume ya vyuo vikuu ya huku, kwanza, na hapo bahasha yangu ya kaki ikaonekana ina nakala ya matokeo isiyothibitishwa. Nikaituma Nairobi, ikarudi baada ya siku tisa. Wewe ithibitishe kabla hujapanda basi.

Shule ilikuwa imeniambia kwenye simu, "Njoo tu, hayo tutayamaliza huku." Kufika, maombi yalikuwa hayajaanza. Na wiki ya pili mwenye shule akaniita: kwa nini nisiingie darasani kidogokidogo, watoto wanakaa bila mwalimu, mambo ya karatasi yatajipa? Hapo ndipo sauti ya yule afisa wa Namanga iliponirudia. Nikamjibu kwamba naomba nisubiri. Alikasirika. Alisema walimu wengine hawana maringo kama yangu. Huenda. Lakini siku wakaguzi wakija, anayerudishwa mpakani na kupigwa muhuri mbaya kwenye pasipoti ni mwalimu, mwenye shule atapata mwingine. Nilikaa wiki saba bila mshahara, nikiishi kwa akiba na kwa mkopo wa dada yangu mkubwa, ambaye hadi leo hunikumbusha.

Ni katika wiki hizo saba nilipojifunza mji. Nilikwenda soko la Majengo kwa miguu, nikajua dona na sembe, unga wa mahindi yasiyokobolewa na yaliyokobolewa, nikajua kwamba githeri huku ni makande na kwamba nikimwambia mtu nyanya yangu ni mgonjwa ataniuliza nimeinunua lini. Nilijifunza kula mlenda, mboga ya majani inayoteleza, kwa ugali wa uwele, kazi inayohitaji mkono wenye haraka, maana mlenda haukusubiri. Nilijifunza "pole". Kwetu pole ni ya aliyekosa au aliyefiwa. Huku niliambiwa pole kwa kutembea, kwa kufua, kwa kubeba mfuko, na wiki ya kwanza nilikuwa najibu, "Pole ya nini?" Jibu ni "asante" au "nimeshapoa". Na nilijifunza kwa aibu kwamba "karibu chakula" ya mpita njia ni salamu. Fundi wa jirani alinikaribisha, nikakaa, nikanawa, nikala nusu ya sahani yake ya wali. Hakusema neno. Mkewe ndiye aliyenieleza, miezi mitatu baadaye, kwamba mtu husema "asante, endelea" na kupita.

Wenzangu wa Kenya hunipigia wakisema hawataki kuajiriwa, watakuja kufungua kibanda cha wakala wa pesa au saluni. Tangu Julai 2025 kuna amri ya serikali inayozuia wasio raia kufanya biashara ndogondogo kadhaa, na hizo mbili zimo, pamoja na utengenezaji wa simu. Kule kwetu watu walilalamika sana. Mimi nawaambia tu wasiuze gari ili waje kufungua kibanda.

Vibali vyangu vilitoka mwishoni mwa Agosti, wakati zabibu zimejaa kwenye ndoo kandokando ya barabara. Nilinunua kilo mbili, moja nikampelekea mama mwenye nyumba, nyingine nikaila peke yangu kitandani nikijiandalia somo la kwanza la sehemu na desimali. Saa tatu usiku umeme ukakatika. Nyumba yetu ina mita moja ya Luku, umeme wa kulipia kabla, kwa wapangaji wanne, na humohumo hukatwa kodi ya jengo, kwa hiyo uniti huisha kabla ya hesabu ya mtu yeyote. Tangu nifike walikuwa wananiruka kwenye kununua, mgeni hajaanza kazi. Nikakaa gizani nikisikiliza malapa yakija uani, yakapita mlango wa fundi, yakapita wa yule binti wa chuo, yakasimama kwangu.

"Hodi, mwalimu. Zamu yako."

Nikaamka kutafuta simu.