Kobe na migebuka friji moja?

Jamani, nusura nimtie kobe wetu kwenye friji. Julai hii hapa Tabora usiku umekuwa wa baridi, naye akaacha kula, kajikunyata chini ya mwembe siku nne. Shemeji aliyeko Uingereza, ambaye naye anafuga, akanipigia: "Mlaze!" Kobe wake ana asili ya Mediterania. Humfungisha wiki kadhaa mpaka tumbo liwe tupu, kisha humlaza miezi ndani ya friji yenye nyuzijoto 5 hivi. Zikishuka chini ya 0, anaganda na kufa.

Mama watoto akauliza, "Kobe na migebuka ya Kigoma friji moja?" Hapo nikatulia. Wetu ni huyu wa madoadoa kama chui, wa nyika za Afrika. Hana usingizi wa kipupwe. Na angelala na majani tumboni, yangemwozea humo humo.

Basi asubuhi namwanika juani, namwogesha maji ya uvuguvugu yasiyofika shingoni, jioni namweka kwenye boksi la nyasi kavu. Juzi kachangamka, kamaliza mchicha wote wa jirani. Kesi bado inasikilizwa.