Milingoti ya bamdogo na laini ya kwenda Zambia

Wiki iliyopita nilikuwa Mbozi kwa bamdogo, nimekaa siku tatu na siku zote tatu stori ni milingoti tu. Kwa msiojua, milingoti ni ile miti mirefu iliyonyooka, huku nyanda za juu ndo benki yetu, unapanda unasahau, ikikomaa unauza mbao au nguzo za umeme. Ya bamdogo aliipanda mwaka ule mwanae wa mwisho anaanza la kwanza, akasema hii ndo ada ya sekondari. Mtoto saiv yuko la tano, na katikati ya shamba kuna kigingi kimepakwa rangi nyekundu.

Kigingi ni cha ile laini ya umeme ya kilovolti 400 ya kutuunganisha na Zambia, inaanzia Iringa, inapita Mbeya na Tunduma mpaka Sumbawanga, zaidi ya kilomita 600, na pale Tunduma ndo kuna njia ya kuvuka mpaka. Jamani mimi siipingi. Mwaka 2024 ukame ulilipiga bwawa la umeme la Kariba maji yakashuka, wenzetu wa Zambia wakawa wanakaa giza karibu siku nzima, na sisi Rufiji tuna bwawa la megawati 2,115, kwahiyo wao wakikaukiwa tunawauzia, siku tukikaukiwa sisi tunanunua. Hapo sina neno.

Shida ni ule mkuza, yani ule ukanda unaoachwa wazi chini ya nyaya, zaidi ya mita 50 upana, ndani yake hakuna nyumba wala mti mrefu. Maharage sawa, mlingoti marufuku.

Siku ya tathmini ya fidia bamdogo alivaa koti la kanisani, wakamsimamisha mbele ya miti yake kashika kibao chenye namba wakampiga picha, mamdogo anasema alisimama kama anapiga ya kitambulisho hata hakutabasamu. Miti ikahesabiwa mmoja mmoja. Sheria ya uthamini ya 2016 inasema tathmini ikishaidhinishwa ulipwe ndani ya miezi sita, ikizidi hapo kuna riba, na ikipita miaka miwili inarudiwa upya. Kwenye karatasi mambo safi. Lakini mti haujui kama umeshapigwa picha, yani unaendelea kunenepa tu, na ule wa unene wa mguu unalipwa kama mti wa unene wa mguu wakati miaka mitatu mbele ungekuwa nguzo yenye bei nyingine kabisa. Hiyo miaka mitatu anailipa nani? Mahindi unavuna unapanda tena msimu ujao, ila mlingoti ukiukata ukiwa bado mchanga umekata na ile miaka uliyokuwa unaisubiri, na pa kupanda tena ndo hapo haparuhusiwi.

Kaburi la bibi limepona. Liko nje ya kigingi kwa hatua kumi na nne, nimezihesabu mwenyewe.

Halafu kuna lile swali la kila mkutano wa kijiji, umeme unapita kichwani kwetu mbona hatupewi? Nikajaribu kueleza kwamba huwezi kunyofoa kilovolti 400 ukatia kwenye balbu, lazima ufike kwanza kituo cha kupoza umeme, ushushwe mpaka kilovolti 33, ndo uje kwenye transfoma ya kijijini, na vile vituo vinajengwa mbali mbali. Mama mmoja akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Kwahiyo ni kama ndege, tunasikia mlio tu." Sikuwa na jibu.

Jioni ya mwisho tukaenda shamba. Bamdogo ana kipimo chake, anaukumbatia mti aone vidole vimebaki kiasi gani kugusana, akaukumbatia mmoja karibu na kigingi akakaa hapo kidogo.

"Huu ulikuwa unaelekea kuwa nguzo," akasema. "Nguzo ya umeme, mwanangu." Akacheka peke yake.