Papa Asiye na Jina Katika Soko la Mbuyuni

Jumamosi iliyopita nilikwenda soko la Mbuyuni, hapa Moshi, kununua papa mkavu wa kupika kwa nazi, mazoea niliyokuja nayo kutoka Tanga nilikokulia. Nilipomuuliza mama muuzaji ni papa wa aina gani, alinitazama kwa mshangao kidogo, akasema, "Mwanangu, papa ni papa." Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa vipande vile havikuwa na kichwa wala mapezi.

Pwani swali hilo lina jibu. Mvuvi anayeopoa jarife, wavu wa kunasia samaki wakubwa, alfajiri humtambua mara moja papa aitwaye mbingusi, kwa kile kichwa chake cha nyundo. Jina lake hupotea anapopitishiwa kisu, kwa kuwa mapezi hufuata njia yake hadi kwenye supu za Asia ya Mashariki, na nyama hutiwa chumvi, ikaanikwa, ikaletwa kwetu bara.

Sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro habari za ujangili tunazijua kwa tembo, ambao nchini mwetu walipungua kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Papa na taa, wale samaki bapa jamaa zake, wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970, hasa kwa kuvuliwa kupita kiasi, na sikumbuki kusikia mtu akilizungumza jambo hilo kwenye daladala. Huenda tunamdhania kuwa kama dagaa, wa kuvuliwa leo na kujazwa tena kesho, ilhali mbingusi mkubwa hubeba mimba takriban miezi 11 na kwa kawaida huzaa mara moja tu katika miaka miwili.

Mwaka 2013 aina tatu za mbingusi ziliingizwa katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, orodha ambayo biashara yake huruhusiwa kwa kibali, lakini mkataba huo husimamia biashara inayovuka mipaka ya nchi. Papa aliyepakiwa kwenye lori Tanga na kushushwa Moshi haumgusi. Simlaumu mvuvi, maana jarife halichagui kinachonasa. Ninachokitaka ni aina ya kila papa iandikwe pale pale dikoni, samaki wanaposhushwa, kabla ya kisu, na maandishi hayo yafuatane na mzigo hadi sokoni.

Nilinunua nusu kilo siku ile, nami siwezi kuapa kwamba hakuwa mbingusi.