Anthony Trollope, karani wa posta aliyeandika riwaya 47

Sisi tunaoandika kabla ya kwenda kazini tuna mengi ya kujifunza kwa Anthony Trollope, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1815 na kuitumikia posta ya nchi yake kwa zaidi ya miaka 30, huku akitoa riwaya moja baada ya nyingine. Hapa Arusha, ambako wengi wetu hufunga daftari alfajiri ili tuwahi daladala ya kwenda mjini, sioni mwandishi wa zamani ambaye maisha yake yanatuhusu kuliko yeye.

Uvumilivu aliurithi kwa mama yake, Frances. Madeni ya baba yalipozidi, familia ilikimbilia Bruges, nchini Ubelgiji, mwaka 1834, na mama huyo, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka akiwa amekwisha kuvuka miaka 50, akawa anauguza mume na watoto mchana kutwa, kisha usiku anaandika riwaya ili nyumba ipate chakula. Trollope anasimulia kwamba chupa za dawa na chupa ya wino zilikaa pamoja katika vyumba vya mama yake. Sijasoma maelezo ya kazi ya uandishi yaliyonigusa kuliko hayo.

Mwaka huohuo kijana aliajiriwa ukarani kwa mshahara wa pauni 90 kwa mwaka, na hakuwa mfanyakazi wa kusifiwa. Alibadilika baada ya kuhamishiwa Ireland mwaka 1841, ambako alizunguka vijijini kwa farasi akikagua njia za barua. Ni yeye aliyependekeza masanduku ya barabarani ya kutumbukizia barua, yaliyoanza kusimikwa Jersey mwaka 1852. Riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1847, haikununuliwa. Jina lake lilianza kusikika kwa The Warden (1855) na Barchester Towers (1857), visa vya makasisi wa jimbo alilolibuni mwenyewe.

Saa 11:30 alfajiri alikuwa mezani. Nusu saa ya kwanza aliisoma kazi ya jana, kisha akaweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kwa kila robo saa. Safarini aliandika ndani ya treni kwa penseli, na mkewe, Rose, akanakili.

Hayo yote aliyaeleza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1883, baada ya kifo chake, pamoja na orodha ya mapato yaliyokaribia pauni 70,000. Wasomaji wengi walichukizwa, wakaona kwamba mtu anayehesabu maneno na fedha hawezi kuwa msanii, na sifa zake zikafifia kwa miaka mingi. Nasema walimwonea. Huyu ndiye aliyewasikia makasisi wawili klabuni wakilalamika kwamba wamemchoka Bi Proudie, mke wa askofu katika riwaya zake, akainuka na kuwaahidi kwamba angekwenda nyumbani kumuua kabla ya wiki kwisha. Akatimiza ahadi, kisha akakiri kwamba nyakati nyingine alijuta, na kwamba bado aliishi na kivuli cha mwanamke huyo. Mtu asiyewapenda wahusika wake hawezi kuwaombolezea hivyo.

Anayetaka kumsoma aanze na The Warden: ni fupi, na mzee Harding, mhusika wake mkuu, ni mtu mwema bila kuchosha.