Nilivyoacha kuzamisha drili upande wa pili wa mfupa

Jamani drili ya upasuaji wa mifupa ilinitesa, nikishatoboa ukuta wa kwanza wa mfupa nasukuma tu mpaka ncha inazama huko nyuma kwenye mishipa na neva, nikawa naogopa kweli. Nikaenda Vingunguti machinjioni nikanunua paja la ng'ombe, nikakwangua nyama, nikalibana kwenye vaisi, nyuma yake nikafunga kiazi mbatata kwa mpira, kiwe kama ile nyama ya nyuma ya mfupa. Natoboa na biti ya mm 3.2, ile ya skrubu ya mfupa ya mm 4.5, halafu nachomeka kijiti kwenye kiazi napima kina cha shimo. La kwanza mm 15! Kumbe biti ilikuwa butu, nikabadilisha, nikalegeza mkono pale mlio wa drili unapobadilika, biti ikikaribia kutokea. Sasa hivi kiazi kinakwaruzwa tu, mm 2 hivi.