Maiti Tunaisafirisha, Mwanafunzi Tunamwacha Kituoni

Nina hasira tangu Jumapili, na nimeona niandike kabla haijapoa.

Wiki iliyopita kikundi chetu cha WhatsApp, cha Wakenya wa huku Brooklyn Park, jimbo la Minnesota, Marekani, kilipata tanzia. Mwenzetu amefariki na mwili unapelekwa Kisii. Ijumaa jioni mweka hazina akafungua mchango, na Jumapili usiku orodha ilikuwa imepita dola elfu kumi na mbili. Nilitoa, na nitatoa tena, maana najua gharama ya mochari ya huku na najua hali ya mama anayesubiri mwili kule nyumbani. Kwa hilo watu wetu nawavulia kofia.

Lakini katika kikundi hichohicho, wiki chache kabla, nilikuwa nimeandika habari ya kijana wa chuo aliyekwama kwa dola 640. Waliosoma ni zaidi ya watu mia mbili. Wakarudisha ile mikono ya maombi, watu watatu, basi. Mmoja akaniandikia pembeni: "Dada, mwambie aachane na shule ashike shifti kwanza, shule haikimbii."

Hiyo ndiyo kauli iliyoniuma kuliko ule ukimya, na ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Dola 640 kwa nyumbani ni elfu themanini na ushee. Najua mnachofikiria: hiyo inapita karo ya mwaka mzima ya shule ya kitaifa. Ndiyo. Huku ni mshahara wa wiki moja wa mtu anayefanya kazi makao ya wazee, ukishakatwa kodi. Na kikundi chetu kimejaa watu wa makao ya wazee, mimi mmoja wao.

Kijana mwenyewe anatoka upande wa Eldoret. Alifika Agosti na visa ya F-1, ile ya wanafunzi. Babake aliuza kipande cha shamba, kijiji kikafanya harambee, mbuzi akachinjwa siku ya kumuaga. Karo ya muhula wa kwanza ililipwa yote. Ambalo hakuna aliyemweleza ni kwamba bima ya afya ya chuo hulipwa kando, na bili yake huja baadaye kwa barua pepe, katikati ya barua pepe nyingine hamsini. Deni likakaa. Disemba alipotaka kujiandikisha kwa muhula wa pili, mtambo ukamkatalia mpaka alipe.

Anayesoma akiwa Kenya atasema, si angojee muhula mmoja, apumzike, atafute pesa? Hapo ndipo visa inapobana. Mwanafunzi wa F-1 anayesoma shahada ya kwanza lazima achukue angalau krediti 12 (krediti ni kipimo cha uzito wa masomo) kila muhula. Asipojiandikisha, chuo kinatakiwa kuripoti kwenye SEVIS, mtambo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na hadhi yake ya visa inapotea. Kazi anaruhusiwa ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Shifti ya makao ya wazee si yake bila kibali maalum. Kwa hiyo mtu mzima anayemwambia "shika shifti" anamsukuma avunje sheria ya visa, akae bila makaratasi, na ile ardhi ya babake iwe imekwenda bure. Wangapi tunawajua waliofuata ushauri huo? Wako hapa hapa. Walikuja kusoma uhandisi na famasi, leo wamefikisha umri wangu na bado wanaogopa taa za polisi nyuma ya gari.

Kijana hakumwambia mtu. Angeanzia wapi, na kule nyumbani walishachinja? Aliendelea kwenda darasani, jioni akisimama kituoni kungoja basi ambalo usiku hupita kwa nadra, katika baridi ya Minnesota ambayo Januari hushuka hadi nyuzi ishirini chini ya sifuri. Alikuwa na sweta mbili na koti la mvua.

Aliyemgundua ni mama wa Kizungu, mwalimu mstaafu anayejitolea pale maktaba kusaidia wanafunzi kuandika insha. Aliona koti. Akauliza habari za koti, na kutoka kwenye koti wakafika kwenye deni. Huyu mama hakuwa na undugu naye wala hakujua Eldoret iko wapi. Alipigia wenzake wanne wa kanisa lake la Kilutheri, wakachanga, wakaenda wenyewe ofisi ya fedha ya chuo wakalipa na kuchukua risiti. Kijana hakushikishwa hata senti. Mambo yalikuwa yamekwisha kabla ya kikundi chetu kumaliza kusoma ujumbe wangu.

Mimi nilijua habari hii kwa sababu walitafuta Mkenya wa kuwaambia kijana anakula nini. Nikaenda kwa huyo mama. Kwenye mlango wa friji palikuwa na karatasi iliyopigwa mistari kwa rula: siku za wiki, majina matano, nani anamchukua chuoni saa tatu usiku, nani anapika. Safu ya mwisho ilikuwa imeandikwa tarehe za mitihani yake. Kemia, tarehe fulani, na kando yake alama ya kalamu nyekundu: siku hiyo asipigiwe simu mpaka atoke. Nilisimama pale friji nikashindwa kusema. Sisi tunajua kijana huyu ni mtoto wa nani, kabila gani, mjomba wake yuko Texas. Tarehe ya mtihani wake wa kemia hakuna aliyeijua.

Msinielewe vibaya, siwachukii watu wangu. Nilipofika nchi hii nilipokewa uwanja wa ndege na mama wa Kisii ambaye hatujawahi kuonana. Nililala sebuleni kwake, akanifundisha basi, akanipeleka kununua buti, akanionyesha darasa la kuwa msaidizi wa wauguzi. Bila yeye nisingekuwa muuguzi leo. Kupokea watu tunajua, labda kuliko taifa lolote hapa. Tatizo letu ni kwamba tunampokea mtu hadi kwenye kazi, kisha tunamwacha hapo. Anayepata kazi tunampongeza. Anayebaki darasani tunamwona kama mtu anayepoteza wakati, na akikwama tunasema alijifanya msomi.

Na kuna jambo la orodha. Mchango wa msiba una orodha, jina lako linasomwa, na kesho wakwako akifa utakumbukwa. Mwanafunzi hana orodha. Kalamazoo, kule Michigan, tangu mwaka 2005 kuna wafadhili wanaolipia karo ya chuo wahitimu wa shule za umma za mji huo, na majina yao hawakutaka yatajwe. Nafikiri sana juu ya watu hao.

Tena si habari ya huruma tu. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mwaka 2007 mpango unaoitwa ASAP kwa wanafunzi wa vyuo vyake vya miaka miwili. Mwanafunzi anazibiwa pengo la karo, anapewa kadi ya treni na basi, anasaidiwa vitabu, na ana mshauri mmoja anayemjua kwa jina na kumfuatilia. Watafiti wakawagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wengine wakaingia mpango huo, wengine wakabaki na huduma za kawaida. Baada ya miaka mitatu, kati ya kila 100 wa kundi la kwanza, 40 walikuwa wamehitimu. Wa kundi la pili walikuwa 22. Wanafunzi wa aina moja, jiji moja. Tofauti ni nauli, vitabu na mtu wa kumuuliza habari zake. Chuo Kikuu cha Georgia State, kule Atlanta, tangu 2011 hukagua akaunti na kuwawekea pesa kidogo wanafunzi wanaokaribia kufutwa kwa deni dogo, hata kabla hawajaomba. Waligundua kwamba watu waliobakiza muda mfupi kumaliza walikuwa wakipotea kwa visenti.

Na sisi Wakenya, katika watu wote, ndio hatupaswi kufundishwa haya. Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi kwenda New York na wanafunzi 81. Tom Mboya, mwanasiasa na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alikuwa amezunguka Marekani akiomba nafasi za vyuo na nauli. Upande huu mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson walitia sahihi barua ya kuomba wananchi wachange. Upande wetu vijiji vilikaa chini, vikanywa chai na kutoa shilingi shilingi ili mtoto wa mtu apate cha kujikimu. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Hadi 1963 walikuwa wamevuka karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki. Wangari Maathai alikuja katika msafara wa 1960, akasoma kwa masista Wabenedikto pale Atchison, Kansas, akachukua shahada ya biolojia mwaka 1964. Miaka arobaini baadaye dunia ikampa Nobel ya Amani. Kutoka hapa Minnesota ukishuka kusini unavuka Iowa na Missouri tu. Kansas si mbali. Kila nikipita barabara ya kusini namfikiria msichana wa Nyeri akishuka basi pale, na watu wasiomjua wakimngoja.

Halafu mwaka 2023 tukaona wazazi wa Uasin Gishu wakiandamana Eldoret, wakidai warudishiwe pesa walizolipa kupitia mpango wa kaunti wa kupeleka watoto kusoma Finland na Kanada. Kutoka chai ya kijiji hadi hapo. Inauma.

Ninyi mnaotaka kuja, na nyumbani najua mambo ya bendi, yale makundi ya karo ya vyuo vikuu kufuatana na kipato cha familia, yamewafukuza wengi, nisikilizeni. Usiangalie karo peke yake. Omba chuo kikuandikie kila kitu: bima, ada za maabara, vitabu, chakula wakati wa likizo mabweni yakifungwa. Kiasi kilichoandikwa kwenye fomu ya I-20, ile chuo kinayokupa ya kuombea visa, ndicho hesabu ya kweli ya mwaka, msimdanganye babu kwamba mkifika mtajilipia kwa kazi. Ada ya SEVIS yenyewe ni dola 350 kabla hata hujagusa ndege. Ukifika, wiki ya kwanza nenda kajitambulishe kwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni, mtu huyo ndiye wa kukimbilia kabla deni halijaiva. Uliza stoo ya chakula ya wanafunzi iko wapi. Vyuo vingi vinayo, na ile ya Chuo Kikuu cha Michigan State ilianzishwa na wanafunzi wenyewe mwaka 1993, kwa hiyo usione aibu, hakuna atakayekucheka. Usianze kutuma pesa nyumbani muhula wa kwanza, hata binamu akilia vipi. Na ukikwama, sema siku ileile. Aibu imewarudisha watu wengi nyumbani kuliko alama mbaya.

Nanyi wazazi, mkimpigia mtoto saa zenu za asubuhi huku ni usiku wa manane. Muulizeni amekula, muulizeni mtihani ni lini. Msianze na mabati ya jikoni.

Jumapili baada ya ibada nilisimama nikayasema haya mbele ya watu. Mzee mmoja alikasirika, akasema nimetukana marehemu. Nikamwomba radhi kwa marehemu, kwa mwanafunzi sikurudi nyuma. Mwingine akauliza tutajuaje kama ni wanafunzi kweli na si matapeli, na hilo ni swali zuri, tumeshaonwa wajinga mara nyingi. Tukakubaliana hivi: dola kumi kwa mwezi kwa anayetaka, pesa zinaingia akaunti ya chuo moja kwa moja, mwanafunzi analeta barua ya usajili kila muhula, na hakuna jina la mtoaji litakalosomwa popote. Akina mama wawili wa Kitanzania na kaka wa Bukavu, Kongo, waliokuwepo wakasema wamo. Huyo kaka ni mhandisi, alimaliza chuo hapa hapa akiendeshwa na majirani kwenda darasani, na ndiye ameshika daftari sasa.

Kijana wetu amejiandikisha, krediti 13. Kuna wasichana wawili, mmoja wa Kakamega na mmoja wa Arusha, wanaoanza muhula huu, na wote wana darasa la usiku. Jumatatu na Jumatano tuna gari. Jumanne na Alhamisi bado hatuna mtu wa saa tatu usiku, kutoka chuoni hadi mitaa ya karibu na mto Mississippi, dakika ishirini hivi barabara ikiwa safi. Tunatafuta pia mtu anayejua hesabu za kalkulasi anayeweza kukaa nao Jumamosi mchana. Uko Brooklyn Park, Brooklyn Center, Coon Rapids au Fridley, niandikie.