Nipe mji: vitendawili kwa ukoo uliotawanyika

Grupu la familia la WhatsApp likiachwa lijiendeshe lenyewe, baada ya miezi michache hubaki picha za maua zilizoandikwa "Asubuhi njema", video zilizokwisha kuzungushwa mara mia, na taarifa za misiba. Watoto hawamo. Bibi yumo ila kimya, maana macho hayasomi tena maandishi madogo. Mchezo unaowarudisha wote wawili tunao tangu zamani, na umbali umo ndani yake: kitendawili. Aliyeshindwa kutegua hutoa mji, na ukoo uliotawanyika una miji ya kutosha.

Kwa waliosahau: "Kitendawili!" "Tega!" "Kuku wangu katagia mibani." Wakikosa, mtegaji anadai: "Nipe mji." "Chukua Pangani." Basi mtegaji huenda Pangani kwa mdomo, akapokewa, akala, akavishwa, ndipo anatoa jibu: nanasi. Kwenye simu ongeza sharti moja tu. Mji utakaotolewa uwe ni ule ambao ndugu yenu anaishi. Tanga, Mombasa, Muscat, London, Minneapolis, yoyote mliyo nayo.

Utamu wote uko kwenye safari hiyo, kwa hiyo usiruhusu mtu airuke. Mtegaji arekodi sekunde 30 hadi dakika moja, aongope apendavyo, na anayeishi huko ndiye pekee mwenye haki ya kumsahihisha. Mjomba wa Tanga akisema amefika Minneapolis mwezi wa Januari, akatandika mkeka kando ya mto akapunga upepo kwa leso, mtoto wa huko ambaye siku zote hujibu "nzuri" na kunyamaza, sasa ana la kusema. Ataeleza baridi, ataeleza theluji, na atatafuta maneno ya Kiswahili ya kuyaeleza hayo. Maswali ya "shule inaendeleaje" hayajawahi kupata jibu refu hivyo.

Yote yaende kwa sauti, si kwa maandishi. Bibi anasikia, mtoto asiyejua kuandika Kiswahili anaweza kukisema, na sauti ya dakika moja haifiki hata MB moja, wakati video ya urefu huo humaliza bando la mtu. Bonyeza kipaza sauti, sukuma kidole juu kifungike, halafu ongea mikono ikiwa huru. Kagua pia kama grupu limewekewa ujumbe unaojifuta. Kama ndivyo, zima, la sivyo sauti za wazee zitapotea kabla hujazihifadhi.

Mtegaji atume "Kitendawili!" peke yake, kisha angoje. Kitendawili chenyewe kisitoke mpaka "Tega!" tatu zifike kutoka miji mitatu tofauti. Hapo ndipo mnajua nani yuko macho, na mtoto mwenye haraka atawapigia wenzake simu mwenyewe wajibu.

Siku nzuri ni Jumamosi. Oman mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, Ulaya na Marekani ni Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo hiyo ndiyo siku inayogongana. Saa 2 usiku Mombasa na Dar es Salaam ni saa 3 usiku Muscat. London ni saa 11 jioni wakati wa baridi na saa 12 jioni wakati wa kiangazi. Minneapolis ni saa 5 asubuhi, au saa 6 mchana saa zao zikisogezwa. Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo, kwa hiyo katikati hapo hesabu huvurugika. Sisi na Oman hatusogezi. Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, ni letu. Shangazi akisema "saa mbili", mtoto aliyezaliwa ng'ambo huisoma kama 2:00. Andika zote mbili kila mara: saa 2 usiku, 20:00.

Vitendawili vya vitabu vya shule havidumu. Majibu yake yamejaa mtandaoni, na "Nyumba yangu haina mlango" kila mtu anajua ni yai. Tungeni vyenu. Chagua kitu cha nyumbani, tafuta tabia zake mbili zinazopingana, kipe udugu au umiliki (mgeni wangu, mbuzi wetu), kisha punguza mpaka yabaki maneno yasiyozidi kumi. "Mgeni wangu hula kwa mkia" ni simu iliyochomekwa chaji. Vizuri kuliko vyote ni vile ambavyo upande mmoja tu unaviona kwa macho. Kutoka Tanga: "Mbuzi wetu hali majani, hutafuna nazi asishibe." Aliyekulia kwenye tui la kopo atahangaika na mbuzi wa miguu minne wiki nzima, kumbe ni mbuzi ya kukunia. Kutoka Minneapolis: "Mwenyeji kanitandikia shuka jeupe, jua likaja kulikunja." Ni theluji, na hapo wa Tanga ndio watakaotoa mji. Ukimaliza, tuma picha ya kitu chenyewe pamoja na jibu.

Mchezo huuawa na mambo mawili. La kwanza ni mtu mzima mwenye papara: anategua ndani ya dakika moja, watoto wanaamka wakakuta kazi imekwisha. Wakubwa wafungiwe saa 24 za mwanzo, na wakijua, wamtumie mtegaji peke yake pembeni. La pili ni kicheko. Mtoto akisema "mbuzi yangu imekula" halafu binamu watatu wakaleta vikatuni vya kucheka, hutasikia sauti yake tena. Asisahihishwe grupuni. Mtegaji alirudie jibu lake kwa usahihi wakati wa kulitangaza, "Naam, mbuzi wangu amekula", na yaishie hapo.

Miji iandikwe kwenye daftari la mtu mmoja: tarehe, kitendawili, nani kashinda, mji gani. Mji uliotekwa unaweza kukombolewa kwa kitendawili kipya. Pasipo ukombozi, shangazi mmoja mjuzi hutawala dunia nzima kufikia Ramadhani na wengine wanachoka.

Wasiopenda maneno wapeni bao. Trei mbili za mayai ya thelathini zinatosha: kata kila moja ibaki mashimo manne kwa manne, ziunganishe kwa gundi upate safu nne za mashimo manane. Komwe kama hakuna, maharage makavu 64. Anzeni na bao la kujifunza, kete mbili kila shimo, maana namua (bao kamili, ambapo kete nyingine huanzia mkononi) kwa simu itawatoa jasho. Kila nyumba iwe na bao lake lenye pande zote mbili. Hesabu mashimo kuanzia kushoto kwa mchezaji, utume "mbele 5, kulia" (safu ya mbele, shimo la tano, kuelekea kulia), ukimaliza kusambaza piga picha kutoka juu. Picha ya aliyecheza ndiyo sheria. Mwenzake apange bao lake kama ilivyo, hata akiona kahesabiwa vibaya, isipokuwa kete hazifiki 64. Zikiwa 63, inua trei kwanza kabla ya kugombana: harage hupenda kujificha kwenye mkunjo wa katikati, pale mlipogundisha.